Shajara ya mradi: Kulifuata jina la Sykes kutoka Yorkshire hadi Dar es Salaam

6 Aprili 2024: Swali

Anayesoma historia ya TANU hawezi kulikwepa jina la Sykes. Abdulwahid Sykes alikuwa kiongozi wa TAA (Tanganyika African Association), chama kilichotangulia TANU, kabla Nyerere hajachaguliwa kuwa rais wake mwaka 1953, na mdogo wake Ally alikuwa naye katika safari ile hadi TANU ilipozaliwa Julai 1954. Jina lenyewe, hata hivyo, ni la Kiingereza, tena la pembe moja ya Uingereza: kaskazini, Yorkshire. Vijana ninaowafundisha historia huniuliza kama ukoo huo una babu Mwingereza. Jibu la "pengine" halinitoshi, ndiyo maana nimeamua kulifuata jina hili tangu lilipoanza, na kuandika kila hatua ili mwenye jina jingine la Kiingereza mkononi aweze kuiga.

Kanuni niliyojiwekea ni moja. Majina kufanana si ushahidi. Kila daraja kati ya mtu na mtu, au kijiji na kijiji, liwe na hati.

Vifaa: simu, kompyuta ya zamani, bando la intaneti na jedwali moja la Excel. Tovuti za FreeBMD, FreeREG na FamilySearch, za kutafutia kumbukumbu za vizazi, ndoa na vifo, ni bure. Gharama kwa sasa ni bando tu.

20 Aprili 2024: Ramani ya kwanza

Uandikishaji wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo katika Uingereza na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837. Nilianza hapo kwa sababu kuanzia siku hiyo nchi nzima iko katika faharasa moja. Nilihesabu vizazi vya akina Sykes wilaya kwa wilaya katika miaka ya mwanzo. FreeBMD hukataa kuonyesha matokeo yakizidi kiwango chake, na kwa jina hili yalizidi mara moja. Dawa yake ni kugawa utafutaji kwa robo mwaka, kisha kuunganisha mwenyewe.

Picha iliyotoka haina utata. Wilaya ya Huddersfield imejaa, na jirani zake katika Yorkshire ya Magharibi zinafuata. Ukishuka kusini jina linapungua, na ukifika Cornwall ni kama halipo. Sensa ya 1881, inayopatikana bure FamilySearch, inaonyesha hali hiyohiyo: bonde la mto Colne, vijiji vya Slaithwaite, Golcar na Marsden. Watu wa huko walikuwa wafumaji wa sufu, kwanza kwa mikono majumbani mwao, baadaye katika viwanda vilivyoendeshwa kwa maji na mvuke.

Hii tayari inatenganisha Sykes na majina kama Smith. Smith ni mhunzi, na kila kijiji kilikuwa na wake, kwa hiyo jina lilizaliwa mahali pengi kwa wakati mmoja. Sykes limetokana na neno la kaskazini la kijito au mfereji mdogo wenye majimaji. Aliyekaa karibu na kijito aliitwa wa kijitoni. Vijito viko vingi, lakini neno hilo lilitumika zaidi kaskazini, na ndiyo sababu jina limebaki huko.

5 Mei 2024: Herufi zinazopoteza watu

Utafutaji wa tahajia moja haufai kwa kazi hii. Kabla ya karne ya 18 mwandishi wa kanisa aliandika alivyosikia, na mtu mmoja anaweza kuwa Sikes siku ya ubatizo, Sykes siku ya ndoa na Syke siku ya kuzikwa. Isitoshe, wanaonakili hati za zamani husoma S kubwa ya mwandiko wa karne ya 17 kama L, hivyo familia nzima inaweza kufichika chini ya jina Lykes.

Kilichosaidia ni alama za kubahatisha. FamilySearch inakubali ? kwa herufi moja na * kwa herufi zozote, kwa hiyo S?k*s inaleta tahajia nyingi kwa mpigo. Kisha ondoa kabisa jina la ukoo, tafuta kwa jina la kwanza, la mke na la kijiji, ukikagua kwa macho. Inachosha, lakini njia hiyo ya pili ndiyo iliyoleta waliopotea.

Jambo jingine la kuwekwa ukutani: hadi 1752 mwaka wa Uingereza kisheria ulianza tarehe 25 Machi. Mtoto aliyebatizwa "Februari 1640" kwa hesabu yetu ni wa Februari 1641. Bila kurekebisha hili utapata mtoto aliyezaliwa kabla ya harusi ambayo kwa kweli ilikuwa imeshafungwa. Katika jedwali langu sasa kuna safu mbili za mwaka: ulivyoandikwa na ulivyo.

2 Juni 2024: Akina John wasiohesabika

Hapa kazi ilikwama kweli. Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza mwaka 1538 kila parokia iweke kitabu cha ubatizo, ndoa na maziko, na mpango ulikuwa kupanda kwa vitabu hivyo kutoka 1837 hadi karne ya 16. Tatizo ni kwamba katika parokia za Almondbury na Huddersfield akina John Sykes, William Sykes na Joseph Sykes ni wengi mno. Wawili wanaweza kuwa wamebatiza watoto mwezi mmoja katika kanisa moja. Wenyeji wenyewe waliliona tatizo hilo, wakaitana kwa mnyororo wa baba na babu, John wa Bill wa Tom, kama sisi tunavyosema Juma wa Ali wa Saidi. Kasisi, hata hivyo, aliandika John Sykes, akafunga kitabu.

Njia ya kwanza, ya kumchukua John mwenye umri unaolingana na kuendelea, niliiacha. Inajenga mti mzuri wa familia usio na mizizi. Badala yake nimejenga familia zote za kijiji kimoja, hata zisizonihusu: kila ubatizo umewekwa chini ya wazazi, kila maziko ya mtoto yameunganishwa na ubatizo wake. Ukiwaondoa waliokufa wachanga, wagombea wanapungua. Wosia husaidia zaidi, kwani baba anataja wanawe na wakwe zake kwa majina. Za kabla ya 1858 kwa sehemu hizo ziko katika taasisi ya Borthwick mjini York.

Pengo jingine lilikuwa la dini. Familia kadhaa zilitoweka katika vitabu vya Kanisa la Anglikana mwishoni mwa karne ya 18 huku zikiendelea kufunga ndoa humo humo. Sababu ni mbili zinazokwenda pamoja. Sheria ya ndoa ya Lord Hardwicke, iliyoanza kazi 1754, ililazimisha karibu kila mtu kufunga ndoa kanisa la Anglikana, isipokuwa Wayahudi na Waquaker. Lakini Wabaptisti hawabatizi watoto wachanga, kwa hiyo vizazi vyao viliandikwa katika madaftari yao wenyewe. Madaftari mengi ya aina hiyo yalikusanywa na serikali baada ya 1837, na leo yamo katika fungu la RG 4 kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew. Watoto waliopotea walikuwa humo.

Kwa karne ya 19 nimenunua picha chache za hati za vizazi kutoka ofisi kuu ya usajili ya Uingereza. Picha ya kidijitali ni pauni 3, kama shilingi elfu kumi za kwetu. Cheti cha karatasi ni pauni 12.50. Picha inatosha. Kabla ya kununua chochote, tumia faharasa ya ofisi hiyo, ambayo ni bure ukijiandikisha na inataja jina la ukoo la mama tangu 1837. Mara nyingi jina la mama peke yake hutenganisha akina John wawili bila kulipa.

23 Juni 2024: Nembo

Tovuti kadhaa zinauza "nembo ya ukoo wa Sykes" kwenye vikombe na fremu. Msitoe pesa. College of Arms ya London, yenye mamlaka ya nembo za Uingereza, inasema wazi kwamba hakuna nembo ya jina la ukoo. Nembo hupewa mtu na wazao wake halali, basi. Mfumaji wa Marsden hakuwahi kuwa nayo.

14 Julai 2024: Kupanda hadi 1379

Nyuma ya vitabu vya parokia kuna hati za kodi na za mahakama za mabwana wa ardhi. Kodi ya kichwa ya 1379 kwa Yorkshire ya Magharibi imehifadhiwa vizuri na ilichapishwa karne ya 19, kwa hiyo inasomeka mtandaoni. Mtu wa kawaida, au mtu na mkewe, alilipa peni nne. Kinachosisimua ni kuona majina yakiwa bado hayajaganda. Wengine wana jina la kazi, wengine la baba, wengine la mahali, na wenye mahali pa majimaji wanaandikwa "del Syke", yaani wa kijitoni. Hilo "del" ni dalili kwamba mwandishi alikuwa bado anasikia maana ndani ya jina. Likidondoka na s ikajishikiza mwishoni, jina halimwelezi tena mtu anapokaa. Linaweza kuhama.

Niliingia pia katika hati za mahakama ya Wakefield, zinazoanza 1274 na kufika 1925, mlolongo wa kupendeza unaotunzwa Leeds. Juzuu za mwanzo zilichapishwa kuanzia 1901. Vijiji nilivyovitaka zaidi havikuwamo, na muda ulipotea hadi sababu ilipojulikana: Almondbury na Slaithwaite vilikuwa chini ya milki ya Pontefract, ya ukoo wa de Lacy, si chini ya Wakefield. Kwa atakayeiga: kabla ya kufungua hati yoyote ya zama za kati, tafuta kijiji chako kilikuwa chini ya bwana gani. Umbali si kigezo. Vijiji viwili vinavyoonana vinaweza kuwa na mahakama mbili.

11 Agosti 2024: Mtu mmoja au wengi?

Jina la mahali pa majimaji lingeweza kuzaliwa mara nyingi. Kuna kitongoji kiitwacho Sykes katika msitu wa Bowland, na kijiji cha Sykehouse upande wa Doncaster. Hati haziwezi kusema kama wabeba jina wote ni wa babu mmoja, kwa sababu haziwafikii watu wote. Vinasaba vinaweza.

Bahati ni kwamba mtaalamu wa vinasaba wa Oxford, Bryan Sykes, alilifanyia kazi jina lake mwenyewe. Kromosomu Y hurithiwa na mtoto wa kiume kutoka kwa baba, kama jina la ukoo la Kiingereza. Yeye na Catherine Irven waliwaandikia wanaume wa jina hilo katika Yorkshire ya Magharibi, Lancashire na Cheshire, wakapata sampuli 48. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000: asilimia 43.8 walikuwa na muundo mmoja, usiokuwapo kwa wanaume wengine waliolinganishwa nao. Waliobaki walitawanyika. Maelezo yao ni kwamba jina lina mwanzilishi mmoja, na hao wengine waliingia kwa watoto wa nje ya ndoa au waliolelewa, kwa kiwango kidogo cha kama asilimia 1.3 kwa kila kizazi. Hata kiwango kidogo hivyo, kikikusanyika kwa karne saba, huacha sehemu kubwa ya ukoo ikiwa na damu nyingine bila jina kubadilika.

Nimelisoma jambo hili kwa muda mrefu kuliko jingine lolote katika mradi. Linavutia, na linahitaji tahadhari. Walipima alama nne tu za kromosomu, kwa sababu ndivyo teknolojia ilivyoruhusu. Leo kipimo cha kawaida cha nasaba huanzia alama 37 na kwenda mbali zaidi. Kwa alama nne, watu wasio na uhusiano wa karibu wanaweza kufanana, na muundo mkubwa mmoja unaweza kuonekana umoja zaidi ya ulivyo. Utafiti mpana wa Turi King na Mark Jobling wa Leicester, wa 2009, ulipima majina 40 na kuthibitisha kanuni ya jumla: jina likiwa adimu, wabeba jina hushirikiana babu zaidi, likiwa la kawaida kama Smith, kufanana kwao hakuzidi kwa watu wowote waliookotwa. Sykes si adimu wala si Smith.

Kwa hiyo katika jedwali nimeandika: dai la mwanzilishi mmoja mkubwa wa Yorkshire lina nguvu; dai kwamba ndiye mwanzilishi pekee, hapana.

Gharama ya hatua hii ni bando tu. Kipimo cha vinasaba ni cha kulipia, na kwa swali langu hakihitajiki mpaka kuwe na watu wawili wa kulinganisha.

8 Septemba 2024: Waliotoka bondeni

Tawi lenye hati nyingi kuliko yote si la wafumaji bali la Sledmere, mashariki mwa Yorkshire. Ukoo huo unajitambulisha na sehemu iitwayo Sykes Dyke, karibu na Carlisle, ambako babu yao alitoka kwenda Leeds kufanya biashara ya nguo. Wazao walihamia bandari ya Hull, wakatajirika kwa kuagiza chuma kutoka Sweden, wakapata ardhi ya Sledmere kwa ndoa. Huko ndiko alikotoka Sir Mark Sykes, aliyechora na Mfaransa Georges-Picot mpango wa 1916 wa kugawana nchi za Waarabu zilizokuwa chini ya Waturuki. Alifariki Paris Februari 1919 kwa homa kali ya mafua, akazikwa katika jeneza la madini ya risasi, na mwaka 2008 wanasayansi walilifukua kaburi lake wakitafuta mabaki ya virusi hivyo. Tawi hili limeandikwa sana kwa sababu lilikuwa na mali. Msilichukue kuwa ndilo shina.

Mwingine ni Kanali William Henry Sykes wa kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki, mtu wa Yorkshire pia. Mwaka 1831 alieleza kisayansi mnyama mwenye koo jeupe anayepatikana pwani yetu na Zanzibar. Ni kima, yule anayeingia mashambani mwa watu kila msimu, na kwa Kiingereza hadi leo anabeba jina la Sykes. Kwa maana hiyo jina lilifika katika misitu yetu kwa njia ya kalamu, pasipo mtu wa ukoo huo kuishi humo.

Upande wa Marekani, Richard Sikes alikuwa miongoni mwa walowezi wa karne ya 17 wa Springfield, Massachusetts. Orodha za serikali ya Marekani za abiria wa meli zinaanza 1820 tu, kwa hiyo kwa watu wa mapema kama yeye lazima utegemee kumbukumbu za mji na kanisa. Nilijaribu kumrudisha Yorkshire kwa kulinganisha majina na umri. Wanaomfaa ni wengi na hakuna hati inayochagua kati yao. Safu yake nimeiacha wazi.

6 Oktoba 2024: Akina Sykes weusi wa Marekani

Roosevelt Sykes, mpiga kinanda mashuhuri wa blues, alizaliwa Arkansas 1906. Kwa Mmarekani mweusi njia ya hati ina ukuta. Sensa za 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa chini ya jina la mmiliki kwa umri, jinsia na rangi, bila majina yao. Sensa ya kwanza kuwataja wengi wao kwa majina ni ya 1870. Nilijaribu mbinu inayopendekezwa na wengi: mtafute mwenye watumwa wa jina hilohilo katika wilaya hiyohiyo, urudi nyuma kupitia kwake. Haikutegemewa. Wengi walioachwa huru walichukua jina la bwana wa zamani kuliko wa mwisho, wengine la baba, wengine walijichagulia. Kinachofaa zaidi ni hati walizotoa wenyewe: za benki ya walioachwa huru, Freedman's Bank, ambako mwenye akaunti alitaja wazazi na ndugu zake.

Kinyume chake ni mchekeshaji Wanda Sykes wa Virginia. Ukoo wa baba yake umefuatiliwa hadi Elizabeth Banks, mwanamke mweupe aliyekuwa mtumishi wa mkataba, ambaye katika miaka ya 1680 alizaa binti na mtumwa mweusi. Sheria ya Virginia ya 1662 ilimfanya mtoto afuate hali ya mama, kwa hiyo binti alikuwa huru, na wazao wake wakaonekana katika hati za mahakama kwa majina yao. Tazama mwelekeo wa uzi huo: umepita kwa mama, na hauongozi kwa Sykes yeyote. Anayelifuata jina peke yake angeikosa historia yote hiyo.

3 Novemba 2024: Dar es Salaam

Sasa swali la wanafunzi wangu. Kwa ukoo huu sikuhitaji hifadhi ya Uingereza. Kleist Sykes aliacha maandishi kuhusu maisha yake, na mjukuu wake Daisy Sykes Buruku aliyatumia kuandika wasifu wake, uliotoka 1973 katika mkusanyiko uliohaririwa na John Iliffe. Mtafiti Mohamed Said naye ameandika kwa kina juu ya Abdulwahid.

Mzizi ni huu. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliletwa na Wajerumani kuvunja upinzani wa Abushiri pwani. Aliandikisha askari Wasudani kutoka Misri na Wazulu kutoka Msumbiji. Mmoja wa hao wa Msumbiji alikuwa Sykes Mbuwane. Mwanawe Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894, akapigana upande wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, baadaye akafanya kazi reli, na mwaka 1929 akawa miongoni mwa waasisi wa African Association mjini Dar es Salaam. Alifariki 1949.

Baba aliitwa Sykes Mbuwane. Sykes lilikuwa jina lake yeye, si la ukoo wake. Mwanawe akajulikana kwa jina la baba, kama ilivyo kawaida yetu: Kleist Sykes. Kwa desturi hiyo mjukuu angekuwa Abdulwahid Kleist, na kweli jina lake kamili ni Abdulwahid Kleist Sykes, lakini la babu limebaki mwishoni na kuganda. Kwa vizazi viwili tu, mtaani na katika madaftari ya waajiri, limekuwa jina la ukoo. Ndicho kilichotokea bonde la Colne baada ya 1379, ila kule liliganda la mahali na hapa liliganda la mtu.

Katika safu ya "mwanzilishi" nimeandika Sykes Mbuwane, Msumbiji, na katika safu ya "kiungo na Yorkshire" nimeandika: hakuna hati. Wanafunzi nitawapa jibu hilo hilo darasani wiki ijayo, pamoja na jedwali lote, ili wakague wenyewe.

Gharama mpaka leo: picha za hati za vizazi, kwa shilingi elfu kumi kila moja, na bando. Hatua inayofuata ni madaftari ya Wabaptisti ya kabla ya 1800, ambayo bado nayanakili ukurasa kwa ukurasa. Yakikamilika nitaongeza ingizo hapa.